Mti wa jiwe haukukauka jamani, ulilowa

Juzi tena nimemsikia kaka mmoja, kashika kipande cha mti wa jiwe mkononi, anawaambia wenzake eti huu ni mti umekaa ardhini miaka mingi ukakauka mpaka ukawa jiwe, na wote wanaitikia. Nimeshaisikia hii mara nyingi mno na kila mara inaniuma, maana kilichotokea ni kinyume kabisa.

Mti wa jiwe ni kisukuku. Mti umefukiwa haraka kwenye tope au majivu ya volkano, hewa haikufika hivo haukuwahi kuoza, madini yakaujaza na kuchukua nafasi yake, umbo likabaki. Maana yenyewe ndo hiyo.

Sasa hilo la kukauka. Naelewa linatoka wapi, lugha yetu yenyewe inatuvuta huko, mkate wa juzi tunasema umekauka umekuwa jiwe, udongo ukipigwa jua umekuwa jiwe, kwa hiyo mtu akisikia mti umekuwa jiwe anaona ni habari ileile ila ya miaka mingi zaidi. Lakini mti ukikauka unabaki kuwa mti mkavu tu. Kuna majeneza ya mbao Misri yamekaa kwenye ukame zaidi ya miaka 4,000 na mpaka leo ni mbao, ukiyatia moto yanaungua. Jiwe linataka maji. Maji yanapita kwenye majivu ya volkano yanayeyusha silika, ileile iliyojaa kwenye mchanga na kioo, yanaingia nayo kwenye vile vijitundu ambavyo mti ulikuwa unapandishia maji ulipokuwa hai, na silika inabaki humo kidogo kidogo mpaka kila kijitundu kimejaa. Yaani jiwe limetoka nje ya mti likaingia ndani. Wekundu na unjano unaouona humo ni chuma kimekuja na maji hayohayo.

Hata jina la Kiingereza, petrified wood, halina ukavu ndani yake, hilo petrified limetoka kwenye petra ya Kigiriki, mwamba, ikaunganishwa na neno la Kilatini la kufanya, kwa hiyo ni kitu kilichofanywa jiwe. Petra hiyohiyo ndo imetupa Petro wa kwenye Biblia, na petroli pia, mafuta ya mwambani. Na tafadhali tusichanganye na makaa ya mawe, yale kaboni ya mimea imebaki ndo maana yanawaka, huu hauwaki.

Kule Arizona, Marekani, kwenye msitu wa mawe uliohifadhiwa tangu 1906, kuna magogo ya miaka zaidi ya milioni 200 yamekatika vipande vilivyonyooka kabisa utadhani yamepigwa msumeno. Hakuna aliyekata. Mbao ingechanika kufuata nyuzi, silika inapasuka kama sahani. Sisi Kenya tunao wetu, Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana, nenda kaangalie ila usiokote, ni hifadhi.

Ukitaka kukitambua kipande chako kiloweshe kwanza, pete za mti na nyuzi zinajitokeza palepale, kikikauka zinafifia tena. Kipime kwa mkono, ni kizito kama jiwe lolote. Kwaruza kwa kisu, kama ni silika kisu hakikati, kinaacha mstari wa kijivu ambao ni chuma cha kisu chenyewe.

Na hii dhana ya kukauka inaharibu kazi hata kwenye kung'arisha, watu wanapaka vanishi kama wanamalizia stuli! Wengine wanapaka mafuta ya nazi. Hili ni jiwe, linasuguliwa kama jiwe, unaanza na msasa mkali wa namba 80, 220, 400, 600 na kuendelea, huruki namba maana mkwaruzo wa 80 utauona mwishoni kabisa, alafu unamalizia na unga wa oksidi ya seriamu kwenye kitambaa kizito. Na muda wote liwe limelowa, vumbi la silika linaua mapafu.

Kwa hiyo kaka wa juzi, kipande chako ni kizuri na ni cha kweli, pete zake niliziona. Ukimwonyesha mtu mwingine mwambie tu kilijazwa na maji.