Maji ya Bomba na Maji ya Chupa: Maswali na Majibu kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Je, maji ya bomba ya Dar es Salaam yanaweza kunywewa bila kuchemshwa?

Yanapotoka mtamboni ni salama, lakini yanapofika kwenye kikombe usalama wake hauna uhakika. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Mto Ruvu na husafishwa katika mitambo miwili: Ruvu Chini, wilayani Bagamoyo, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu, huko Mlandizi, wenye uwezo wa lita milioni 196. Humo maji hutiwa dawa ya kugandisha tope, huachwa yatuame, huchujwa kwa mchanga, kisha hutiwa klorini ya kuua vimelea. Kutoka hapo husafiri makumi ya kilomita hadi kwenye koki ya nyumbani, na ni katika safari hiyo ndipo yanapoweza kuharibika.

Yataharibikaje yakiwa ndani ya bomba?

Bomba likijaa maji yenye presha, hata likiwa na tundu, maji ndiyo hutoka nje na uchafu hauwezi kuingia. Presha inapokatika wakati wa mgao, hali hugeuka: maji ya mtaro, au ya chemba iliyofurika jirani na tundu hilo, huweza kufyonzwa hadi ndani ya bomba. Ndiyo maana maji ya mwanzo baada ya mgao mara nyingi huja na rangi ya chai, na ni busara kuyaachia kwanza au kuyakinga kwa ajili ya kudekia sakafu. Hata hivyo, yakishatakata usidhani kwamba hatari imekwisha, kwa kuwa vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho.

Mbona maji mengine hunuka dawa? Je, hiyo dawa haina madhara?

Hiyo ni harufu ya klorini, na binafsi naamini zaidi koki inayonuka dawa kidogo kuliko isiyonuka kitu. Mtamboni huwekwa klorini ya akiba, ili inayobaki baada ya kuua vimelea vya mtoni iendelee kuyalinda maji njiani. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini hiyo kwa kila lita, na kiwango cha juu kinachokubalika kwa afya ni miligramu 5, ambacho ni kikubwa mno kuliko kile ambacho pua ya kawaida huanza kukinusa.

Bwana afya anapopima, hukinga maji kidogo kwenye kichupa cha kioo, hutia kidonge na kukitikisa: maji yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Maji ya koki hiyohiyo, yakishakaa siku kadhaa kwenye simtanki lenye tope chini na mfuniko uliopasuka, huweza kubaki meupe kabisa kwenye kipimo hicho, kwa sababu uchafu wa tangi umeimaliza klorini yote. Kwa hiyo nyumba nyingi zinazolilaumu bomba zingepaswa kwanza kupanda juu na kuchungulia tangi lao, kisha kuangalia ile kata inayochovywa ndooni na kila mwenye kiu.

Basi maji ya chupa ndiyo jawabu?

Maji ya chupa yaliyotengenezwa na kiwanda chenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), yakiwa na lakiri isiyoguswa, ni salama kwa vimelea. Ubora wake, hata hivyo, hautokani na chupa. Maji mengi ya chupa si ya chemchemi bali ni ya kisima au ya bomba yaliyochujwa tena na kuuliwa vimelea kwa ozoni au mwanga maalumu. Lakiri ikilegea unapofungua, au kifuniko kikizunguka bila kukatika, usiyanywe, kwa kuwa chupa tupu huokotwa, hujazwa na kuuzwa upya barabarani. Dumu kubwa la ofisini nalo huingia vimelea kupitia kidomo cha dispensa kisichosafishwa.

Kuna pia suala la chembechembe za plastiki. Uchunguzi wa mwaka 2018 uliohusisha chupa 259 kutoka nchi tisa ulizikuta katika asilimia 93 ya chupa hizo. Madhara yake kwa binadamu bado yanachunguzwa, lakini kuanika katoni za maji juani mbele ya duka ni tabia ambayo haina sababu ya kuendelea.

Nisiyemudu chupa kila siku nifanye nini?

Chemsha. Maji yakishatokota kwa mapovu makubwa, vimelea vya magonjwa vimekufa. Kuyaacha jikoni robo saa zaidi ni kuunguza mkaa bure. Yapoze yakiwa yamefunikwa katika chombo hichohicho, kisha yahifadhi kwenye ndoo yenye koki, ili pasiwe na haja ya kuchota kwa mkono. Penye uhaba wa nishati, tumia dawa ya maji ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa, na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope huimaliza dawa hiyo, hivyo yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga yakorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70, kwa kuwa hata unga wenyewe huweza kuwa na bakteria.

Je, kuchemsha huondoa kila kitu?

Hapana. Ndugu zetu wa Arusha na miteremko ya Mlima Meru wanalijua hili kwa meno yao ya kahawia, yanayosababishwa na floraidi, madini yaliyomo katika miamba ya volkano. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko hukipita. Maji yanapochemka hupungua kwa mvuke huku floraidi ikibaki, kwa hiyo yaliyosalia huwa na floraidi nyingi zaidi katika kila lita. Njia zinazofaa ni chujio la makaa ya mifupa ya ng'ombe, ambalo limefanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au maji ya chupa ambayo lebo yake imeandikwa kiasi cha floraidi. Na kwa watoto walio chini ya miaka minane, ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, maji hayo yenye floraidi kidogo yatengwe kwanza kwa ajili yao.