Tiba shufaa sio ya wanaokufa tu: kwa wanaouguza mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi

Jina lenyewe linatuponza. Shufaa wengi tumeisikia kwenye mawaidha, uombezi wa siku ya kiama, kwaiyo mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi akiambiwa aende kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ndugu wanaangaliana, wanajua ndo basi tena. Sio hivyo jamani. Mtu anaendelea na mionzi yake hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na huku sisi wa tiba shufaa tunamtuliza maumivu, tena akianza mapema mionzi yenyewe anaihimili maana analala na anakula.

Nianze na harufu, maana ndo hawaisemi. Uvimbe ukishachimbika unatoa uchafu unaonuka, mama anaoga mara nne kwa siku, anajipulizia pafyumu, mwisho anahama chumba, kikoba haendi, msibani haendi, wajukuu anawafukuza wasimsogelee. Nimeona wanaoteseka na hili kuliko maumivu. Na kumbe ni bakteria, metronidazo ileile tuliyozoea kuiita Flagyl inaipunguza sana, ya kumeza au inasagwa na kuwekwa ukeni, ila kwa maelekezo ya daktari. Mkaa kwenye beseni chini ya kitanda nao unasaidia, na madirisha yafunguliwe. Shabu, maji ya ndimu, sijui majani gani mliyoletewa na jirani, msiingize huko, vinachoma na vinaweza kuamsha damu.

Wengine mkojo unavuja wenyewe kupitia ukeni, fistula hiyo. Ngozi ipakwe Vaseline kabla haijababuka, sio baada.

Sasa mofini, dawa kali ya maumivu. Swali la kwanza la mume: hatakuwa teja huyu? Hapana, teja anatafuta stimu, mgonjwa wetu anatafuta usingizi. Ile ya maji inanywewa kila baada ya masaa 4 hata kama saa hiyo haumwi, sababu mkisubiri mpaka alie mtakuwa mnayakimbiza maumivu na hamyakamati, na dozi ya kulalia kawaida tunaiongeza ili asiamshwe usiku wa manane, muulizeni aliyewaandikia. Kichefuchefu na kusinzia kwa siku 2, 3 za mwanzo vinapita. Kufunga choo hakupiti! Ukipewa mofini bila dawa ya kulainisha choo rudi dirisha la dawa uiulizie.

Kitu kimoja ambacho wengi hawaambiwi, saratani hii inaweza kubana mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, figo zikichoka mofini haitoki mwilini vizuri, kwaiyo mkiona mkojo umepungua na mama anasinzia kupita kiasi, haamshiki kirahisi, au mwili unamshtukashtuka, msimpe dozi nyingine kabla hamjaongea na daktari, mleteni siku hiyohiyo.

Damu je? Wekeni khanga nyeusi au nyekundu iliyoiva karibu na kitanda, damu kwenye shuka jeupe inatisha nyumba nzima na mgonjwa mwenyewe ndo anazidi kuhangaika. Ikitoka nyingi mlazeni, mmoja abaki amemshika mkono, mwingine atafute usafiri, hospitali kuna dawa za kuipunguza, tunaweza kubana kwa gozi, na mionzi hata ya siku moja mara nyingi inaikausha. Mje na cheti na chupa ya mofini, daktari wa zamu hamjui mgonjwa wenu.