Je, wajua kwa nini mlango wa vioo viwili hukataa kufungwa ilhali kitasa chake ni kizima?

Mlango wa balkoni kwenye ghorofa huko Ntinda, Kampala, umefanya kazi vizuri miaka mitatu. Halafu siku moja mkono wa kitasa unainuka nusu na kukwama, na ufunguo haugeuki mpaka mtu aupige mlango bega au auinue kwa goti. Fundi anaitwa, anakitazama kitasa, anasema kimekufa, na mwenye nyumba anakwenda madukani Nakasero kutafuta kingine. Kipya kinafungwa. Wiki chache zinapita, goti linarudi kazini.

Mara nyingi kitasa cha kwanza hakikuwa na kosa lolote. Ubawa wa mlango ndio ulioshuka milimita 3 au 4 upande wa kitasa, na ndoano zake hazikutani tena na matundu yaliyo kwenye mwimo. Kilichoushusha ni uzito wa kioo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kioo chenye unene wa milimita 1 na eneo la mita 1 ya mraba kina kilo 2.5. Vioo viwili vya milimita 4, vilivyofungiwa pamoja na nafasi ya hewa katikati, vina kilo 20 kwa kila mita ya mraba. Vikiwa vya milimita 6, kilo 30. Mlango ambao kioo chake ni sentimita 70 kwa 190 umebeba basi kati ya kilo 27 na 40, kabla hujahesabu fremu. Huo ni mzigo unaokaribia mfuko wa saruji, nao unaning'inia upande mmoja usiku na mchana. Mlango wa kioo kimoja wa ukubwa uleule hubeba nusu yake tu, na fundi aliyeizoea milango hiyo hupima kwa macho ya milango hiyo.

(Huku kwetu wengi hawaweki vioo viwili kwa ajili ya baridi kama Ulaya. Huwekwa kupunguza kelele za ndege Entebbe, matatu na boda boda barabarani, au kuzuia joto la jua lisishindane na kiyoyozi.)

Anza na mlango ukiwa wazi

Kitasa cha milango hii hufunga sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Ukiinua mkono, chuma kirefu kilichofichwa ubavuni mwa ubawa huteleza na kutoa ndoano au rola juu, katikati na chini. Ufunguo huja baadaye kukaza yote. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji bisibisi wala pesa. Fungua mlango wazi kabisa, inua mkono, geuza ufunguo. Vikienda laini mlango ukiwa wazi lakini vikagoma ukiwa umefungwa, kitasa ni kizima na tatizo ni mpangilio. Vikigoma hata mlango ukiwa wazi, hapo ndipo kitasa chenyewe kinashukiwa.

Ukitaka kujua mlango umeshuka kiasi gani, paka chaki au rangi ya mdomo kwenye ncha za ndoano, funga taratibu, inua mkono mpaka ugome, kisha fungua utazame alama kwenye mabamba ya mwimo. Alama ikiwa kwenye ukingo wa chini wa tundu, ubawa umeshuka. Ikiwa ubavuni, bawaba zimesogea au mwimo umepinda.

Uliza pia inagoma saa ngapi. Alumini ya mita 2.1 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu milimita 1.5, na PVC, ile plastiki ngumu ya fremu, hurefuka mara tatu ya hapo. Mlango mweusi unaotazama magharibi unaweza kufungwa vyema asubuhi ukakataa saa kumi jioni. Mlango wa namna hiyo hurekebishwa wakati wa joto, maana ukiurekebisha asubuhi utaitwa tena jioni.

Kinachoushikilia mlango usilale

Fremu ya ubawa ni vipande vinne vilivyounganishwa kwenye pembe. Umbo hilo peke yake ni legevu. Ukilitundika upande mmoja, hulala kama sanduku lililoondolewa kifuniko. Seremala wa geti la mbao analijua jambo hili, ndiyo maana hupigilia ubao wa mshazari kutoka bawaba ya chini hadi pembe ya juu upande wa komeo. Kwenye mlango wa vioo viwili ubao huo haupo. Kazi yake hufanywa na kioo chenyewe, mradi kiwe kimebanwa sawasawa.

Hubanwa kwa kabari ndogo za plastiki zinazoingia kati ya ukingo wa kioo na fremu. Moja huwekwa chini, upande wa bawaba, kubeba uzito. Nyingine huwekwa juu, upande wa kitasa, kukaza mshazari. Hapo uzito wa kioo hupita mshazari na kushuka kwenye bawaba ya chini, na pembe ya kitasa haiwezi kuanguka. Fundi aliyekalisha kioo katikati na kukizungushia silikoni ameacha mlango bila ubao wa mshazari. Utakaa mwaka, pengine miwili.

Kurekebisha huenda kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe ndio unaookoa pesa. Kwanza kaza skrubu zote za bawaba, ubawani na kwenye mwimo. Skrubu inayozunguka bila kukamata imekula tundu lake; weka nene zaidi au ndefu zaidi ifike kwenye chuma cha ndani. Kisha tazama bawaba zenyewe. Nyingi za milango hii zina skrubu za kurekebisha zinazozungushwa kwa aleni (kifunguo cha pembe sita), mara nyingi ya milimita 4 au 5: moja ya kupandisha na kushusha, moja ya kusogeza kushoto au kulia, moja ya kukaza ubawa kwenye mpira wa kuzibia mwanya. Chomeka kabari ya mbao chini ya ukingo wa kitasa ili mzigo utoke kwenye bawaba, ndipo uzungushe, robo mzunguko kwa wakati mmoja. Mlango wenye bawaba tatu usipandishwe kwa bawaba moja tu. Zilizobaki zitapigana nayo na pini italika upande mmoja.

Pengo kati ya ubawa na mwimo likiwa bado pana juu na finyu chini, au kinyume chake, ni zamu ya kabari za kioo. Tafuta watu wawili. Vijiti vya kubana kioo huanza kutolewa katikati ya kile kirefu zaidi kwa patasi pana isiyo na makali. Viandike namba ili virudi palepale. Kioo kikae fremuni. Kiinue kidogo kwa mwiko wa plastiki na uingize kabari chini upande wa bawaba, sentimita 7 hadi 10 kutoka pembeni. Kisha hamia pembe ya juu upande wa kitasa, ongeza kabari ya unene wa milimita 1, pima, ongeza nyingine, mpaka pembe ya kitasa ipande. Usipandishe kwa nguvu. Kioo kilichokazwa kwa moto ni kigumu usoni lakini dhaifu pembeni, na kikigonga chuma au vigae kwenye pembe hupasuka chote kwa mara moja, vipande vidogovidogo.

Kabari lazima iwe pana kuliko kioo chote. Kioo cha pamoja, yaani vioo viwili na nafasi yao ya katikati, chenye milimita 24 kinahitaji kabari ya angalau 26. Ikiwa nyembamba, itabeba kioo kimoja na kukiacha cha pili kining'inie kwenye gundi, na gundi itakatika. Vipande vya mbao havifai, hunyonya maji na kuvimba. Wala kabari isizibe vitundu vya kutolea maji.

Mabamba ya mwimo huguswa mwisho, na kwa kusogeza milimita 1 au 2 tu. Kupanua tundu kwa tupa kabla ya kuinua ubawa ni kulifuata tatizo linapokwenda: mlango utaendelea kushuka, na mwaka ujao tupa itakuwa imemaliza bamba.

Kitasa kinapokufa kweli

Mlango ulioshuka hauui kitasa siku ileile. Huua polepole, kwa sababu kila anayeinua mkono kwa nguvu huinyonga giaboksi ndogo iliyo katikati ya kitasa, inayosukuma kile chuma kirefu, ambayo vipande vyake vya ndani huwa vya aloi ya zinki, si chuma cha pua. Vinapovunjika, mkono hulegea na kuzunguka bila kushika kitu. Ndiyo maana kubadilisha kitasa bila kuinua mlango ni kununua kifo cha kitasa cha pili.

Kabla ya kwenda dukani chukua vipimo hivi kwa kalipa au tepu: kutoka ukingo wa bamba la ubavuni hadi katikati ya tundu la mkono, kutoka katikati ya tundu la mkono hadi katikati ya silinda (sehemu inayoingia ufunguo), umbali ambao kwa milango ya Ulaya ya alumini na PVC mara nyingi ni milimita 92, upana wa bamba, kwa kawaida 16 au 20, na umbali kutoka tundu la mkono hadi kila ndoano. Jina la mtengenezaji huwa limepigwa muhuri kwenye bamba karibu na ulimi wa kati, ila litafute kwa tochi baada ya kufuta vumbi. Tofauti ya milimita 5 haina dawa, kitasa hakitaingia.

Ikiwa giaboksi imevunjika mlango ukiwa umefungwa, usivunje kioo. Mtu mmoja asukume ubawa ndani kwa kiganja, juu na chini ya mkono, huku mwingine akijaribu mkono. Mara nyingi ni msuguano wa ndoano moja tu unaozuia, na ukilegezwa, mlango unafunguka.

Silinda yenyewe hutoka kwa skrubu moja ya M5 iliyo ubavuni mwa ubawa, usawa wa tundu la ufunguo. Ondoa skrubu, chomeka ufunguo, ugeuze kidogo tu mpaka kijino cha katikati kijifiche ndani ya silinda, kisha vuta. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu kwenda kila upande: 35 na 35, 40 na 50, na kadhalika. Upande wa nje usitokeze zaidi ya milimita 3 nje ya bamba la mkono, maana silinda iliyochomoza hukatwa kwa koleo na mwizi, hapo katikati ambapo tundu la skrubu limeipunguza unene.

Madirisha nayo

Dirisha linalofungukia nje halina bawaba za kawaida. Lina mikono bapa ya chuma cha pua inayoteleza na kukunjana. Dirisha likifungwa kwa upepo au kubakiza mwanya pembe ya juu, mkono huo umelegea au umelika. Jaribu kwanza skrubu ndogo ya shaba kwenye kitelezi. Ukiikaza, msuguano huongezeka. Ikishindikana, badilisha pande zote mbili pamoja, kwa urefu uleule na kwa kimo kilekile cha mkono ukiwa umekunjwa, mara nyingi milimita 13 au 17. Kimo kikikosewa, dirisha halifungi kabisa au mpira haugusi. Mafundi wengine hutumia riveti hapo. Zitobolewe vichwa kwa drili na mahali pake ziwekwe skrubu za chuma cha pua. Skrubu nyeusi za dari hushika kutu msimu mmoja. Dirisha la sentimita 60 kwa 120 lenye vioo viwili vya milimita 4 lina kilo 14 za kioo peke yake, hivyo ghorofani lazima awepo wa kulishikilia, hasa kama wavu wa chuma uko ndani na unafanya kazi kwa kupitisha mikono.

Vumbi jekundu ndilo adui wa kila siku. Likichanganyika na mafuta ya kupikia au ya injini ndani ya silinda huwa kama unga wa msasa. Silinda iwekewe unga wa grafiti tu. Ndoano na chuma cha kuteleza, mafuta mepesi ya mashine. Mpira, silikoni ya kupuliza, kwani grisi huuvimbisha. Machi na Septemba, kabla mvua hazijaanza, choma kwa waya mwembamba vitundu vya chini ya fremu na umwagie bilauri ya maji kuona kama yanatoka. Kando ya Nalubaale (Ziwa Viktoria), Entebbe na Jinja, wadudu wa ziwani huvijaza kabisa, na maji yanayobaki ndani hutia kutu giaboksi na kuoza gundi ya kioo.

Iko ila moja ambayo hakuna bawaba wala kabari itakayoitibu. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko Mombasa. Kioo cha pamoja kilichofungiwa usawa wa bahari hufika hapa kimevimba, kama pakiti ya krispi inavyovimba ikipandishwa Kabale. Uvimbe huo husukuma vijiti vya kubana, huchosha gundi, na baada ya muda ukungu huonekana kati ya vioo mahali ambapo kitambaa hakifiki. Weka rula usoni mwa kioo: ikigusa katikati na kuacha mwanga pembeni, kimevimba. Fremu, bawaba na kitasa vibaki. Agiza kioo pekee, kilichofungiwa huku huku au chenye kijibomba chembamba cha kusawazisha hewa, na kisafirishwe kikiwa kimesimama kwenye gari.