Andazi, senti ya sungura na rangi za maji: ninavyochora vitafunwa hapa Tanga

Watu wanaoanza rangi za maji huwa wananiuliza swali lilelile, eti ule ukahawia wa andazi naupataje. Wanadhani kuna kichupa nimekificha mahali. Hakuna bwana. Kahawia yangu ni bant siena, ile kahawia yenye wekundu, na oka ya njano, ziko kwenye karibu kila boksi la rangi hata lile la bei poa, na unaweza ukawa na kahawia sahihi kabisa na bado andazi lako likatoka kama jiwe la kusugulia miguu. Kinachomfanya mtu aangalie picha akameze mate siyo rangi, ni ngozi ya kitafunwa: wapi pamekauka, wapi pana mafuta, wapi pana shira, na mwanga ukifika hapo unafanya nini. Na hili si la vitafunwa peke yake maana meza yangu ina makorokoro mengine kibao, sarafu za zamani, makombe ya baharini, tiketi za basi, vichupa vya hina, na vyote nachora kwa kuanzia hapohapo kwenye ngozi.

Ila kabla ya brashi kuna mwanga, na kwenye mwanga vitabu vinatupoteza sisi wa huku. Vitabu vingi vya uchoraji vilivyoandikwa Ulaya vitakwambia kaa kwenye dirisha linalotazama kaskazini, jua haliingii huko na mwanga unakuwa umetulia siku nzima. Kwao sawa kabisa. Sisi Tanga tuko kama digrii 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, miezi iliyobaki linapita kusini, yaani ukifuata kitabu mwezi wa sita utakuta jua lote liko mezani kwako na shira inachemka upya. Mimi nahama na upepo. Kaskazi ikivuma niko dirisha la kaskazini, kusi ikiingia nahamia la nyuma, la kusini, na jua likizidi natundika shuka jeupe dirishani basi. Usumbufu wake ni kwamba hilo ndilo dirisha upepo unakoingilia, kwa hiyo karatasi zangu zina vibanio vya nguo kila kona. Saa sita mchana sichori kabisa, jua liko utosini na kivuli kinajificha chini ya sahani, kila kitu kinakuwa bapa. Saa mbili asubuhi au saa kumi jioni ndo kazi.

Haya, andazi. Nanunua Ngamiani, hapahapa mjini Tanga, asubuhi, la kuchora na la kula, la kula linaliwa kwanza ili la kuchora libaki salama. Sasa liweke kwenye sahani ulitazame ubavuni. Andazi huwa linaelea kwenye mafuta, linaiva upande mmoja kisha linageuzwa linaiva wa pili, kwa hiyo katikati kuna mkanda mweupe umezunguka tumbo lote, pale mafuta hayakupafikia vizuri. Wanaoanza wote wanaupaka kahawia mkanda ule! Ukiufuta umeua andazi, maana ule ndo unaosema hiki kitu kimekaangwa, hakikuokwa. Mimi naanza na oka ya njano yenye maji mengi andazi zima, nyepesi kama haipo, na kabla haijakauka nagusisha bant siena kwenye mgongo na chini, naiacha itambae yenyewe kuelekea mkanda halafu isimame inapotaka. Ukingo wa rangi hapo unatakiwa uwe laini, usiuchore kwa mstari. Ikikauka ndo narudi na siena nzito kwenye pembe zilizoiva zaidi na kwenye vile vipele vidogo vya juu ya ngozi, na kila kipele nakipa upande mmoja tu wa giza, ule uliolipa dirisha mgongo. Likipasuliwa ni habari nyingine, ndani kuna mashimo na vinyuzi, huko usichore kila shimo, chora matatu manne makubwa, mengine jicho la mtazamaji litajaza lenyewe.

Kitumbua kina mambo yake, kinachokifanya kitumbua ni zile pembe nyembamba zilizokauka kama lesi pale uji wa mchele ulipomwagika kidogo nje ya shimo la chuma, na hapo natumia brashi kavu, rangi nzito maji kidogo, naiburuza kwa ubavu wa brashi ili ishike vilele vya karatasi tu.

Kaimati sasa, hapo ndo nawakamatia wanafunzi. Kaimati ni duara tupu lililopakwa shira, kwa hiyo kila moja ni kioo kidogo, na ukisogeza jicho karibu utaliona dirisha lako lote mle, na nondo zake, limejikunja juu ya bega la kaimati. Huo mng'ao ni karatasi nyeupe isiyoguswa, hamna rangi inayoleta ule weupe, na ukingo wake lazima uwe mkali kama umekatwa na wembe kwa sababu ukali wa ukingo ndo unaosema kitu kimelowa. Ukiulainisha ukingo, kaimati imekauka, imekuwa ya jana. Umbo la mng'ao linafuata dirisha pia, ukiweka vidoti vya duara tu itaonekana kama goroli. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ni penseli nyepesi kuzunguka kila mng'ao, halafu naharakisha maana shira haimsubiri mtu, inazama ndani ya unga na ngozi inafifia huku unaangalia.

Umekosea ukafunika mng'ao? Kuna guashi nyeupe, rangi ya maji nzito inayofunika, na usione aibu. Dürer, mchoraji Mjerumani, alipochora yule sungura wake mwaka 1502, ambaye yuko Vienna mpaka leo, alichanganya rangi za maji na guashi. Tahadhari tu, guashi nyeupe juu ya kahawia ya moto inakuwa na ubaridi wa chaki, itie tone la njano kwanza.

Halafu kivuli. Hapa ndo picha nyingi za vitafunwa zinafia, mtu amehangaika na andazi kutwa nzima kisha chini yake anapaka kijivu cha majivu, sahani inaonekana chafu. Kivuli cha kitu chenye rangi ya moto kwenye sahani nyeupe kina ubluu, na pale karibu na andazi kina kajoto fulani ka rangi ya chungwa kwa sababu andazi lenyewe linarudisha rangi yake chini. Mimi nachanganya bluu ya altramarini na ile ile bant siena, zinauana vizuri sana zinatoa kijivu chenye uhai, unaweza kuisukuma kwenye ubluu au kwenye ukahawia unavyotaka, na altramarini ina chembe zinazotulia kwenye mabonde ya karatasi kwa hiyo kivuli kinakuwa kinapumua. Zamani hii bluu isingekuwa ya kuchezea vivuli vya maandazi, ilitoka kwenye jiwe la lapisi lazuli lililochimbwa Afghanistan na bei yake ilikuwa ya kutisha, mpaka miaka ya 1820 ndo Mfaransa Jean-Baptiste Guimet akaweza kuitengeneza kiwandani. Mtu wa kumtazama kwenye suala la vivuli ni Wayne Thiebaud, Mmarekani aliyezaliwa 1920 akafariki 2021, kachora keki na pai kwa miaka mingi na vivuli vyake ni bluu waziwazi bila kuomba radhi. Yeye zaidi alitumia rangi za mafuta lakini somo ni lile lile. Na kama kuna mtu anakwambia vitafunwa si jambo la kuchora mjibu kwamba Chardin, mchoraji Mfaransa, alichora mkate wa brioshi mwaka 1763 akauchomeka kitawi cha maua ya mchungwa juu, uko makumbusho ya Louvre, Paris, watu wanapanga foleni kuingia humo. Mimi Tanga sina mchungwa karibu, naweka asumini pembeni ya sahani. Sio kwa urembo tu, weupe wa asumini una ukijani kwa mbali na ukikaa jirani na weupe wa sahani ya bati unaanza kuona kwamba nyeupe ziko nyingi.

Turudi kwenye makorokoro. Sheria yangu kwenye kupanga meza ni kwamba ngozi zisifanane. Kaimati na kichupa cha kioo na kijiko vyote vinang'aa, ukiviweka pamoja vinapiga kelele. Weka andazi kavu, kaimati iliyolowa, na chuma kimoja kilichochakaa, basi. Chuma ninachokipenda ni sarafu zetu za mwanzo za mwaka 1966, senti hamsini yenye sungura, na ile senti tano yenye samaki ambayo ina pembe kumi na mbili na ni ya shaba, imekuwa na rangi inayokaribia kabisa mgongo wa kitumbua. Nikiziweka jirani zinaongea. Ukibahatika kupata hela ya Mjerumani ni nzuri pia, zile heller zilizoanza 1904, mia zikiwa rupia moja, baadhi zina herufi ndogo A au J ya miji zilikopigwa, Berlin na Hamburg. Lakini usichore maandishi! Mtu akianza kuandika herufi kwenye sarafu ya sentimita mbili anaishia na kitu kama stika. Sarafu kuukuu inang'aa kwenye sehemu zilizosuguliwa na vidole tu, yaani kwenye masikio ya sungura na ukingoni, kwingine kote ni giza lenye vumbi, kwa hiyo paka giza na uache masikio. Chuma si kijivu, chuma ni giza na mwanga vilivyokaa jirani bila kitu katikati.

Kombe la baharini ni kinyume, halina giza kabisa, ni leya juu ya leya za maji yenye rangi kidogo mno, na kila leya isubiri mwenzake akauke. Kukauka kwenyewe hapa pwani ni mtihani. Hewa yetu ina maji, masika ndo usiseme, leya inayokauka dakika tano Arusha hapa unakunywa chai kikombe kizima bado inateleza. Na unyevu unaharibu karatasi hata ikiwa kabatini, ile gundi nyepesi waliyoipaka kiwandani inaliwa na ukungu, siku unapaka rangi unaona madoa yanajitokeza na karatasi inafyonza kama tishu. Nunua ya pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita ya mraba, ghali ndiyo, nyingi ninaagiza Dar, na uiweke kwenye debe la plastiki lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usivitupe vile.

Safarini nabeba boksi dogo la rangi kumi na mbili, brashi mbili, na kidaftari kinachoingia mfuko wa suruali. Nikienda Pangani sichori mto wala mnazi, kila mtu anachora mnazi, nachora nilichokula na kilichokuwa mfukoni: kipande cha mkate wa ufuta, nauli iliyobaki, tiketi. Tiketi ikiwa ya mashine ichore siku hiyohiyo, maandishi yake yanafifia hadi yanaisha, kuibandika kwenye daftari ni kubandika karatasi tupu ya kesho. Mkate wa ufuta una ufuta mwingi kuliko subira ya binadamu, kwa hiyo unapaka mwili wote wa kahawia kwanza, unaweka chembe chache za guashi zikiwa zimesongamana upande wa mwanga, kisha unaziachanisha kuelekea kivulini mpaka zinapotea. Pale Tongoni, kwenye makaburi ya kale yenye minara, chora ukiwa umesimama na uache kila kigae ulichokikuta pale pale, vitu vile viko chini ya sheria ya mambo ya kale ya 1964 na isitoshe kigae kikiondoka pale hakisimulii tena chochote. Daftari linabeba.

Ya mwisho ni mafuta. Karatasi ikiguswa na kidole chenye mafuta ya sambusa hapo pamekufa, maji hayashiki tena, utaona rangi inakimbia ikiacha alama ya kidole, na hamna sabuni wala unga utakaookoa. Kama unachorea kulia weka sahani kushoto, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika karatasi, na miguu ya meza iwekee vikopo vya maji, kwa sababu sisimizi wa Tanga wanaijua kaimati kuliko wewe na watakuja wakati leya ya pili bado mbichi.