Je, wajua kwa nini Wakristo wasio na damu ya Ibrahimu humwita baba yao?

Ibrahimu, ambaye tafsiri nyingine za Biblia humwandika Abrahamu, alitoka Uru ya Wakaldayo, akakaa Harani, kisha akaondoka huko akiwa na umri wa miaka 75 kwenda nchi asiyoijua. Wakristo walio wengi hawawezi kuhesabu nasaba yao hadi kumfikia mzee huyo, wala hawadai hivyo. Hata hivyo sala ya kale ya Ekaristi ya Kanisa la Roma hutaja dhabihu yake na kumwita baba, na Paulo, alipowaandikia Wakorintho ambao wengi wao walikuwa Wayunani, aliwaita Waisraeli waliovuka bahari pamoja na Musa "baba zetu". Je, hii ni heshima tu, kama mtu anavyomwita mzee yeyote baba, au kuna ukoo wa kweli unaozungumziwa?

Paulo aliona kwamba ukoo upo, na hoja yake kubwa inategemea hesabu ya miaka.

Walimu waliowafikia Wakristo wa Galatia walifundisha kwamba mtu wa Mataifa, yaani asiye Myahudi, hawezi kuhesabiwa mwana wa Ibrahimu bila kutahiriwa. Hawakuwa watu wa kubahatisha, kwa maana andiko walikuwa nalo: Mwanzo 17 inaifanya tohara kuwa ishara ya agano, na inasema kwamba asiyetahiriwa atakatiliwa mbali na watu wake. Paulo hakubishana na sura hiyo, bali alirudi nyuma sura mbili, hadi Mwanzo 15:6, panapoandikwa: "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki." Maneno hayo yanakuja kabla Ishmaeli hajazaliwa. Ishmaeli alizaliwa baba yake akiwa na miaka 86, na tohara iliagizwa baba huyo alipokuwa na miaka 99, kwa hiyo kwa muda usiopungua miaka 13 Ibrahimu alikuwa amekwisha kuhesabiwa haki ilhali mwilini hakuwa tofauti na mtu yeyote wa Mataifa. Ndiyo maana katika Warumi 4 Paulo anauliza swali linaloonekana dogo, yaani alihesabiwa haki lini, kabla ya kutahiriwa au baada yake, na kutokana na jibu hilo anamtangaza kuwa baba wa waaminio wasiotahiriwa, na pia wa waliotahiriwa wanaofuata nyayo za imani yake. Torati nayo, anawaambia Wagalatia, ilikuja miaka 430 baada ya ahadi, na sheria iliyokuja nyuma haiwezi kuitangua ahadi iliyotangulia.

Lakini kuamini kama Ibrahimu kunamfanya mtu afanane naye, na kufanana si sawa na kurithi. Hapo Paulo analeta hoja ya pili: ahadi ilitolewa kwa Ibrahimu na kwa "mzao" wake, neno ambalo yeye analisoma kwa umoja na kulielekeza kwa Kristo. Aliye wa Kristo anaingia katika urithi kwa sababu Kristo ni mrithi, na si ajabu kwamba mstari wa kwanza kabisa wa Injili ya Mathayo unamtambulisha Yesu kuwa mwana wa Daudi, mwana wa Ibrahimu.

Neno analolitumia kwa kuingia huko ni kufanywa wana, na wasomaji wake wa Roma walilijua vizuri. Kwao, aliyefanywa mwana mara nyingi alikuwa mtu mzima, aliyechukuliwa ili jina na mali ya nyumba visipotee, na haki yake ilikuwa kamili. Kaisari Augusto alifanywa mwana kwa wosia wa Julius Caesar mwaka 44 KK. Waraka kwa Warumi ulipoandikwa, yapata mwaka 57 BK, aliyetawala alikuwa Nero, ambaye Klaudio, kaisari aliyemtangulia, alimfanya mwana mwaka 50 ingawa alikuwa na mwana wa kumzaa, Britannicus. Mtu aliyeishi chini ya utawala huo hangeweza kudhani kwamba mwana wa namna hiyo ni mwana nusu.

Dini ya Kiyahudi nayo ilikutana na swali kama hilo. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliokusanywa yapata mwaka 200, inamtaka mwongofu, yaani mtu wa Mataifa aliyeingia dini hiyo, anaposali katika sinagogi aseme "Mungu wa baba zenu", si "baba zetu". Katika karne ya 12, Maimonides, mwalimu mkuu wa sheria ya Kiyahudi, alimwandikia mwongofu aitwaye Obadia kwamba aseme "baba zetu" bila kusita, kwa kuwa Ibrahimu ni baba wa kila anayeifuata njia yake.

Katika Warumi 11 Paulo anatumia mfano wa mzeituni, ambamo tawi la mzeituni mwitu linapandikizwa katika shina la mzeituni mwema. Wakulima kwa kawaida hufanya kinyume chake, wakichukua tawi jema na kulitia katika shina la mwitu, na Paulo mwenyewe anakiri kwamba jambo hilo ni kinyume cha asili. Anayepandikizwa anakatazwa kujisifu juu ya matawi ya asili, kwa kuwa si yeye analichukua shina, bali shina ndilo linamchukua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya mafundisho haya iliyosahauliwa kwa gharama kubwa zaidi. Marcion, mwalimu wa Kikristo aliyetengana na kanisa la Roma yapata mwaka 144, alitaka kulikata shina lenyewe kwa kuyakataa Maandiko ya Kiebrania, na kanisa likamkatalia. Lakini baadaye wengi waliobaki na Maandiko hayo waliwatendea Wayahudi kana kwamba wenye nyumba wamefukuzwa na wageni wamekuwa warithi pekee. Ilipofika mwaka 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko la Nostra Aetate, uliwaita Wakristo wana wa Ibrahimu kwa imani na kukumbusha kwamba kanisa linalishwa na shina la mzeituni huo.

Waraka kwa Waebrania unaongeza jambo ambalo koo nyingine hazina. Baada ya kuwataja Habili, Nuhu, Ibrahimu, Sara, Musa, Rahabu na wengineo, sura ya 11 inasema kwamba wote hao walishuhudiwa kwa imani yao, lakini hawakuipokea ile ahadi, kwa kuwa Mungu alikusudia "wao wasikamilishwe pasipo sisi". Kwa kawaida kizazi cha baadaye ndicho kinachowategemea wazee kwa urithi, lakini hapa wazee nao wanawangoja wajukuu.