Kiakisi Kimefunikwa na Gunia: Kamati za Kujitolea na Usalama wa Baiskeli

Alfajiri, ukiwa upande wa Pugu, utawakuta wabeba mkaa wakiingia Dar es Salaam kwa baiskeli. Gunia moja huku, jingine kule, la tatu limelala juu ya keria na kumpita mwendeshaji kichwa. Kiakisi chekundu, kile kinachorudisha mwanga wa taa za gari, kipo, tena kipya. Kimefungwa kwenye madigadi, na gunia limekifunika. Dereva wa lori anayekuja nyuma anaona giza tu, mpaka awe amekaribia mno.

Sisi wa elimu ya usalama barabarani tumekuwa tukihubiri: taa nyeupe mbele, kiakisi chekundu nyuma. Ni kweli, lakini mahubiri hayajui gunia linakaa wapi. Fundi baiskeli wa pale mtaani anajua. Atakwambia chukua utepe unaong'aa, ule ule wa malori, uushone kwenye kamba ya kufungia mzigo. Basi. Ndiyo maana kamati ya kujitolea ya usalama wa baiskeli isiyo na fundi baiskeli huwa naitilia shaka, hata ikiwa na mwenyekiti hodari wa mikutano. Mwalimu wa shule ya jirani awemo pia, na mwenye bodaboda, na mama lishe wa pale kona, kwa sababu yeye anashinda hapo kutwa na hakuna ajali inayompita.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na waendesha baiskeli ni kama 6 katika kila 100. Hao ni waliokufa. Kijana aliyekwepa daladala akatumbukia mtaroni, akachubuka goti na kukunja rimu, haandikwi popote. Haendi polisi, haendi hospitali, anakokota baiskeli yake kwa fundi. Kamati ikiweka daftari pale kwa fundi, ikaandika mahali, saa na kilichotokea, baada ya miezi michache itaona majina ya kona zile zile yakijirudia.

Hapo ndipo wengi wanapokwama: wapeleke wapi daftari? Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Za wilaya, zikiwemo za mitaani, ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa 2017. Barua ikienda kusiko itazunguka mezani hadi mlioiandika mchoke. Ulizeni kwanza serikali ya mtaa barabara ni ya nani, kisha andikeni tatizo moja kwa barua moja, na picha.

Madai makubwa zaidi nayo yana wenyewe. Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, umepigania kwa miaka mingi njia za baiskeli jijini. Awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi, iliyoanza kazi 2016, ilijengwa pamoja na njia hizo kandokando ya Barabara ya Morogoro. Leo utakuta humo pikipiki na meza za nguo. Njia ikishajengwa inahitaji wa kuilinda, na mkandarasi ameshaondoka.

Kuhusu mwendo nitasema kidogo. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Gari la kasi hiyo likishikwa breki husota karibu mara tatu ya umbali wa gari la kilomita 30. Kamati inayoomba matuta mbele ya shule iwe na hesabu hiyo mfukoni.

Na kuna vyuma vya kufunika mifereji. Vingine vimelazwa mianya yake ikielekea sambamba na barabara, tairi jembamba linazama humo na mwendeshaji anaruka juu ya usukani. Dawa yake mara nyingi ni kukigeuza chuma kile kile kilale kukingama. Kazi ya dakika chache, ingawa barua ya kuiomba inaweza kula miezi.