Je, wajua kwa nini aliyewahi kuugua maradhi ya akili huambiwa asiyoambiwa daktari?

Daktari akimuuliza mgonjwa kama anakunywa dawa zake, mara nyingi hujibiwa kuwa anazinywa. Mtu huyo huyo, akikaa barazani na mwenzake aliyewahi kulazwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili iliyopo mjini Unguja, humweleza kwamba vidonge ameviacha tangu wiki iliyopita, kwa sababu vinamtetemesha mikono na kumlaza mpaka adhuhuri. Kwa daktari anachelea kukaripiwa. Kwa aliyeyapitia hayo hana la kuchelea.

Hapo ndipo inapoanzia kazi ya msaidizi rika, yaani mtu aliyeugua, akapata nafuu, kisha akafunzwa ili awe karibu na wanaougua sasa. Hapimi wala haandiki dawa. Humsindikiza mgonjwa kliniki, humsaidia kumweleza daktari habari ya ile mitetemo, ambayo aghalabu hupungua dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, na hukaa na mama mzazi ambaye bado yumo baina ya hospitali na mganga, bila ya kumdharau.

Wazo hili si geni. Mwishoni mwa karne ya 18, katika hospitali ya Bicêtre, Paris, wodi ya wagonjwa wa akili ilisimamiwa na Jean-Baptiste Pussin, ambaye mwenyewe aliingia pale akiwa mgonjwa, ingawa maradhi yake yalikuwa ya tezi. Alipendelea kuajiri waliopona, kwa kuwa hawakuwa wepesi wa kupiga. Mwaka 1797 aliwafungua wagonjwa minyororo, na sifa yake ikaenda kwa daktari Philippe Pinel kwa miaka mingi.

Zanzibar nayo inayajua haya kwa njia nyengine: katika soba hausi, yaani nyumba za wanaoacha dawa za kulevya, anayempokea kijana aliyetoka kwenye unga mara nyingi ni mtu aliyeutumia akauacha.

Lililo gumu visiwani ni siri. Wete au Mkoani, kule Pemba, msaidizi akionekana anabisha hodi mlangoni kwa mtu, majirani washajua kilichompeleka, maana yeye mwenyewe keshajulikana. Kwa maoni yangu ni bora atumikie shehia isiyokuwa yake, au wakutane kliniki siku mgonjwa anapochomwa sindano yake ya dawa ya kila mwezi. Na alipwe mshahara, si nauli ya daladala pekee, kwani naye akizidiwa atahitaji likizo kama mfanyakazi mwengine yeyote.